Kabla Hujaipa Nchi Yako ya Kubuni Helikopta 340

Ndugu zangu waandishi, wachoraji wa katuni, watunzi wa michezo ya kompyuta, na nyinyi wengine mlioingia kwa sababu tu mlango ulikuwa wazi, asanteni kwa kunialika. Mimi si mtu wa kalamu. Nilikuwa fundi wa helikopta. Zaidi ya miaka 20 nimeishi nimeinama ndani ya matumbo ya mashine hizo, grisi hadi viwikoni. Nilipostaafu nikapata muda wa kusoma riwaya, na hapo ndipo ugomvi wangu na nyinyi ulipoanzia.

Mstari wa pili amekaa kijana mmoja ambaye ndiye chanzo cha mazungumzo haya. Amenikataza kutaja jina lake na jina la nchi aliyoibuni, kwa kuwa riwaya bado iko jikoni. Ila ameniruhusu niisome orodha yake hadharani, na kwa ujasiri huo nampa heko. Nchi yake ina watu milioni tatu. Kaskazini kuna safu ya milima, katikati nyanda kavu zenye vumbi, mashariki bahari. Ina jirani mkorofi, na waasi wamejichimbia milimani. Jeshi lake la anga lina helikopta 340 za aina 14. Apache 60. Mi-24, hamsini. Black Hawk, Chinook, Tiger za Ulaya, halafu Rooivalk 50.

Nilipofika kwenye Rooivalk nikavua miwani. "Mwanangu," nikamwambia, "Rooivalk zilizoingia jeshini ni 12 tu, na zote ni za Afrika Kusini. Hizi hamsini umezitoa wapi?"

Akanijibu, "Mzee, si nchi ya kubuni?"

Ni swali zuri. Nchi ni ya kubuni, sawa. Lakini hewa inayoishikilia helikopta haibuniwi, na joto halibuniwi, wala bolti haijui kama iko riwayani. Msomaji wako atamkubali mfalme ambaye hakuwahi kuzaliwa na vita ambavyo havikupiganwa, ila ukimwekea helikopta 340 kwenye nchi ya watu milioni tatu ataanza kukutilia shaka, hata kama hawezi kueleza kwa nini. Na unajinyima kitu kikubwa. Orodha ya helikopta ikiandikwa vizuri inamsimulia msomaji nchi nzima: nani aliitawala, nani aliiuzia silaha na nani alikataa, ilipigana wapi, hazina yake ina kitu au imebaki vumbi. Orodha ya kijana wangu haikusimulia chochote. Ilikuwa kama dirisha la duka.

Basi tuifute tuanze upya. Makombora tutayakuta mbele. Tunaanza na ardhi.

Aprili 1944, kule Burma, ndege ndogo ya mawasiliano ilianguka nyuma ya mistari ya Wajapani. Ndani mlikuwa na rubani Mmarekani na askari watatu wa Kiingereza waliojeruhiwa. Luteni Carter Harman akatumwa na helikopta ya Sikorsky aina ya YR-4B, mashine ambayo leo ungeiona ungedhani ni ya maonyesho. Huo ndio uokoaji wa kwanza wa helikopta vitani unaojulikana. Sasa sikilizeni jambo ambalo wasimuliaji wengi hulipita haraka. Harman hakuwabeba wanne kwa pamoja, wala wawili wawili. Alimchukua mmoja, akampeleka, akarudi. Kwa joto lile injini haikuwa na nguvu ya kunyanyua zaidi ya mtu mmoja. Siku ya kwanza injini ikapata joto kupita kiasi akalazimika kulala, kazi akaimalizia siku ya pili.

Kila helikopta duniani hadi leo inaishi kwenye hadithi hiyo. Mapanga, yaani mabawa yanayozunguka juu yake, hupata nguvu kwa kusukuma hewa chini. Hewa ikiwa nzito, kuna kitu cha kusukuma. Ukipanda juu, hewa inakuwa nyepesi. Jua likipanda, hewa inakuwa nyepesi tena. Injini nayo inavuta hewa hiyohiyo nyepesi, kwa hiyo inalegea wakati uleule unaoihitaji zaidi. Helikopta iliyobeba askari 11 pwani alfajiri inaweza kuwabeba saba mlimani saa nane mchana, na ukilazimisha wa nane utashuka naye bondeni kwa njia ambayo hamkuikusudia.

Wahindi wanaijua adha hii kuliko wengi, kwa sababu ya Himalaya. Mwishoni mwa miaka ya 1960 majeshi yao yaliomba helikopta ya kwenda juu sana. Wafaransa wakachukua mwili mwembamba wa Alouette II wakaufunga injini na mapanga ya Alouette III iliyo kubwa zaidi, ikazaliwa Lama. Mwaka 1972 Jean Boulet aliipandisha Lama hadi mita 12,442, rekodi ya ajabu. Kule juu, kwenye baridi, injini ikazimika na haikuwaka tena. Akateremka umbali wote huo bila injini, mapanga yakizungushwa na upepo unaotoka chini, kama ile mbegu yenye bawa inavyojizungusha ikidondoka mtini. Akatua salama. Kwa hiyo nyinyi mnaoandika kwamba injini ilizimika na helikopta ikaanguka kama jiwe, naomba muache. Huanguka kama jiwe rubani akichelewa, au akiwa chini mno na mwendo wake mdogo mno.

Ndiyo maana nilimuuliza kijana: waasi wako milimani, mita ngapi kutoka usawa wa bahari? Hakujua. Nikamwambia hawezi kuchagua helikopta hata moja hadi ajue. Baada ya vita vya Kargil na Pakistan vya 1999, vilivyopiganwa kwenye vilele, India iliamua kujiundia helikopta yake nyepesi ya mashambulizi kwa kuwa haikuwa na ya kupigana kwenye urefu ule. Iliingia jeshini mwaka 2022. Hesabuni miaka hiyo. Mlima ulitoa agizo, na agizo likachukua zaidi ya miaka 20 kutimizwa.

Hali ya hewa ya mlimani nayo ni mhusika kamili, mpeni nafasi. Agosti 2012, helikopta nne za Uganda zilikuwa njiani kuelekea Somalia. Mi-24 tatu, za mashambulizi, ziliangukia Mlima Kenya. Mi-17, ya kubeba watu na mizigo, iliyokuwa kwenye msafara huohuo ilifika ilikokwenda. Hakuna adui aliyefyatua risasi hata moja.

Hata ukuta unaweza kuwa mhusika. Usiku wa Mei 2011, pale Abbottabad nchini Pakistan, mojawapo ya Black Hawk zilizowaleta makomando wa Marekani kwa Osama bin Laden ilishindwa kuelea ikatua kwa kishindo ndani ya ua. Baadaye ilielezwa kwamba kwenye mazoezi ukuta uliwakilishwa na uzio wa waya, na hewa ya mapanga ilikuwa inapita. Siku yenyewe ukuta ulikuwa ukuta. Hewa ikagonga, ikarudi juu, mapanga yakawa yanasukuma hewa ambayo tayari inazunguka. Ukiwa mwandishi, ungeweza kuubuni uzio ule? Mimi nisingeweza.

Haya, ardhi tunayo. Sasa nani atakuuzia?

Nilimwambia kijana kwamba kuweka Apache za Marekani na Mi-24 za Kirusi kwenye karakana moja si kosa, nchi zipo zenye mchanganyiko kama huo, lakini lazima kuwe na kisa. Kuna mapinduzi yaliyotokea, au rafiki aliyegeuka. Mfano ninaoupenda uko hapahapa barani kwetu. Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi ilikuwa na Puma za Kifaransa. Novemba 1977 Umoja wa Mataifa ukaweka vikwazo vya silaha vya lazima. Helikopta zipo, vita viko Angola, vipuri havipatikani. Wakaanza kujitengenezea kipuri kimoja kimoja, hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 wakawa na Oryx, ambayo kwa nje ni Puma na kwa ndani ni ukaidi. Rooivalk ilitoka kwenye tumbo hilohilo. Ilipaa mara ya kwanza mwaka 1990, lakini vita vyao vya Angola vilikuwa vimekwisha, na wanunuzi wa nje hawakutokea. Zikaundwa 12 kwa ajili ya jeshi lenyewe. Ni mashine nzuri, na mwaka 2013 zilipigana mashariki mwa Kongo dhidi ya M23. Ila wenzangu mafundi hapa wananielewa: ukiwa peke yako duniani na aina fulani, kila kipuri kinaagizwa kama suti ya kushona. Hakuna jirani wa kumwazima.

Au tazameni Iran. Shah, mfalme wake, alinunua helikopta za mashambulizi za Cobra za Marekani zaidi ya 200 katika miaka ya 1970. Mwaka 1979 akaondoka yeye, helikopta zikabaki. Walioziuza wakawa maadui, na vita na Iraq vikaanza mwaka uliofuata. Mafundi wa Iran wamezikalia mashine hizo miongo zaidi ya minne, wakibomoa moja ili nyingine iruke. Wangapi hapa mmewahi kuandika riwaya ambayo shujaa wake ni mtu wa stoo ya vipuri? Hakuna. Na hapo ndipo penye moto.

Kisa cha tatu kinaniuma kidogo. Jeshi la anga la Afghanistan lilikuwa na Mi-17. Mafundi wao walizizoea, sehemu kubwa ya matengenezo waliifanya wenyewe. Mi-17 hubeba mzigo mkubwa na hupanda vizuri milimani. Kuanzia 2017 Wamarekani wakaanza kuzibadilisha kwa Black Hawk, kwa sababu za siasa zaidi ya za karakana, maana kuendelea kumlipa Mrusi kulikuwa hakukubaliki tena Washington. Black Hawk ni helikopta bora, nisieleweke vibaya. Lakini inabeba kidogo kuliko Mi-17, na mafundi Waafghani hawakuwa wamefundishwa vya kutosha. Waliozitunza walikuwa wakandarasi wa kigeni. Mwaka 2021 wakandarasi wakafunga virago, na kikosi kikaanza kuzima kabla adui hajafika uwanjani. Mkitaka kuiangusha serikali ya kubuni bila kupiga risasi, njia ndiyo hiyo: mwondoeni mtu mwenye spana.

Tuje kwenye hesabu, mahali ambapo waandishi hukimbia. Helikopta zilizo kwenye vitabu si helikopta zinazoruka. Moja iko kwenye ukaguzi mkubwa, imefunguliwa hadi mifupa. Moja inasubiri pampu iliyoagizwa miezi mitano iliyopita. Moja inafundishia marubani wapya. Nilikofanya kazi, asubuhi tukipata nusu tulishukuru Mungu. Wala si tabia ya nchi maskini peke yake. Norway iliagiza helikopta kumi na nne za NH90 za Ulaya mwaka 2001. Ilizihitaji ziruke saa 3,900 kwa mwaka, ikawa inapata kama 700. Juni 2022 ikavunja mkataba, ikatangaza kwamba itazirudisha, ikadai fedha zake. Waingereza waliagiza Chinook nane za aina maalumu mwaka 1995, zikaletwa 2001, kisha zikakaa ndani ya mabanda kwa miaka kwa kuwa hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba programu zake za kompyuta ni salama. Helikopta mpya, zinang'aa, haziruhusiwi kuingia wingu.

Na namba hizi zinaua. Aprili 1980 Marekani ilituma helikopta nane za RH-53D kutoka meli ya Nimitz kwenda kuwaokoa mateka wake waliokuwa Tehran. Mpango ulisema zikifika chini ya sita, kazi inavunjwa. Moja ikatelekezwa jangwani baada ya taa kuonya kwamba panga lina ufa. Moja ikakutana na dhoruba ya vumbi, vyombo vikayumba, ikarudi melini. Zikafika sita barabara. Kisha moja kati ya hizo sita ikagundulika pampu yake ya haidroliki imekufa. Tano. Kazi ikavunjwa. Wakati wa kuondoka gizani, helikopta moja ikaigonga ndege ya mizigo na watu wanane wakafa. Mkiisoma taratibu mtaona kwamba hakuna Muirani yeyote aliyehusika na sehemu hiyo ya hadithi. Ni taa, vumbi na pampu.

Niwaonyesheni taa nyingine ya onyo inavyokuwa, ile ya boksi la gia, maana wengi mnaiandika bila kujua inatoka wapi. Ndani ya boksi la gia kuna mafuta, na ndani ya mafuta kuna kizibo kidogo chenye sumaku kwenye ncha. Chuma kikilika mahali popote humo, vipande vinaogelea hadi kwenye sumaku. Vikiwa vingi vya kutosha kuziba mwanya, umeme unapita, na mbele ya rubani taa inawaka. Rubani anatua mahali popote alipo. Kisha unaitwa wewe. Unafungua kizibo, unakifuta kwenye kitambaa cheupe, unamulika kwa tochi. Ikiwa ni unga wa kijivu, laini kama masizi, unapumua, huo ni uchakavu wa kawaida. Ikiwa ni kibanzi, chembamba, kinametameta kama gamba la samaki, basi kuna jino la gia au beringi inayobomoka, na helikopta ile haitaruka wiki nyingi. Nimewahi kusimama nimeshika kibanzi cha ukubwa wa kipande cha ukucha, na nyuma yangu amesimama afisa mwenye nyota mabegani ananiambia, "Lakini kitu chenyewe kidogo hivyo?" Sikumjibu. Nilikikunja kwenye kitambaa nikampa akishike.

Kisa kingine, hiki cha aibu yangu. Kila spana ina kivuli chake kilichochorwa ubaoni, na jioni kila kivuli lazima kifunikwe. Jioni moja kivuli cha spana namba 10 kilibaki wazi. Spana ikibaki ndani ya helikopta inaweza kwenda kukaba fimbo za usukani hewani, kwa hiyo helikopta haitoki. Tulifungua sakafu. Tulifungua mkia. Tulifungua vifuniko vya injini nilivyokuwa nimevifunga mwenyewe mchana. Saa tisa usiku mwenzangu akaniambia niinue mguu. Ilikuwa kwenye pindo la ovaroli yangu. Asubuhi ile kikosi kilitakiwa kupeleka helikopta nne, kikapeleka tatu, na nina hakika kuna kamanda mahali fulani aliyeandika kwenye ripoti kwamba ya nne ilikosekana kwa sababu za kiufundi.

Basi nikamrudia kijana na aina zake 14. Kila aina ina vipuri vyake, vitabu vyake, spana zake maalumu, mafundi wake, chumba chake cha mafunzo. Aina 14 ni majeshi 14 yanayogombania banda moja. Nchi ndogo yenye akili huwa na aina mbili, tatu. Mi-8 na nduguye Mi-17 zimeundwa zaidi ya 17,000 tangu ya kwanza ipae mwaka 1961. Hiyo maana yake ni kwamba popote duniani kuna mtu aliyewahi kuifungua. Kwa nchi maskini hiyo ni sifa kubwa kuliko kasi.

Lakini msiweke mayai yote kwenye kapu moja pia. Mwaka 1982, kwenye vita vya Uingereza na Argentina vya visiwa vya Falkland, meli ya Atlantic Conveyor iliyobeba helikopta za Waingereza ilipigwa na makombora ya Exocet, ikateketea na Chinook tatu ndani. Ya nne, iliyoitwa Bravo November, ilinusurika kwa kuwa ilikuwa angani wakati huo. Vipuri vyake, vifaa vyake na vitabu vyake vyote viliungua melini. Ikafanya kazi hivyohivyo hadi mwisho wa vita, na safari moja ilibeba askari 81, idadi ambayo ningekufa kabla ya kuitia sahihi. Walioikosa helikopta walikwenda kwa miguu, mizigo mgongoni, kama kilomita 90 za matope hadi karibu na Stanley, mji mkuu wa visiwa hivyo. Ukitaka kujua umuhimu wa helikopta tatu, waulize miguu ya askari wale.

Kuhusu makosa madogo nitapita mbio. Helikopta haiendi kilomita 600 kwa saa. Ncha ya panga la Black Hawk hukata hewa kwa karibu kilomita 800 kwa saa hata ikiwa imesimama angani. Ukienda mbele, panga la upande mmoja linaongezewa mwendo wako na kuukaribia mwendo wa sauti, la upande mwingine linapunguziwa hadi linakosa nguvu. Rekodi ya helikopta ya kawaida iliwekwa na Lynx ya Uingereza mwaka 1986, kilomita 400 na ushei, na haijavunjwa. Helikopta haimnyemelei mtu. Wapenzi hawanong'onezani ndani ya helikopta ya kijeshi, hupigiana kelele na bado hawasikii, labda wawe na vifaa vya masikioni, na hapo rubani anawasikiliza wote wawili. Kama mnataka tukio la kuchekesha, nimewapa.

Kuna jambo moja halikuwepo kabisa kwenye sura zote nilizosomeshwa: helikopta ya kijeshi inafanya nini siku ambazo hakuna vita, yaani siku nyingi. Februari na Machi 2000 mito ya Msumbiji ilifurika. Helikopta za jeshi la Afrika Kusini, Oryx zilezile zilizozaliwa kwa vikwazo, ziliwachukua kutoka kwenye mapaa na miti watu zaidi ya 14,000. Mama mmoja alijifungua akiwa juu ya mti, na tabibu aliteremshwa kwa waya kumsaidia. Miaka michache kabla ya hapo, jeshi lile lilikuwa jeshi ambalo Msumbiji ililiogopa. Mashine ileile, anga ileile, watu chini wanaotazama juu, ila safari hii wanapunga mikono. Ningekuwa mwandishi ningeanzia hapo. Mwanakijiji wa nchi yenu ya kubuni anapousikia mlio ule kwa mbali, anakimbilia uwanjani au anakimbilia porini? Mkijibu hilo, mnaijua serikali yake.

Sasa orodha mpya ya kijana. Tuliifanyia kazi jioni tatu. Zamani nchi yake ilikuwa na urafiki na Paris, kwa hiyo kuna Alouette III sita, kuukuu, nne zinaruka, na fundi mmoja mzee ambaye anazijua kwa majina. Kisha pakatokea mapinduzi, rafiki akakasirika, wanajeshi wakageukia Moscow: Mi-17 kumi na nne, kwa mafungu mawili yaliyopishana miaka kumi, na mafungu hayo hayabadilishani kila kipuri. Mbili kati yake zimewekewa makochi na zulia, ni za rais, hazigusiki hata nchi ikiwaka moto. Halafu Mi-24 nne. Mbili ni za gwaride. Jumla 24, aina tatu, na nyuma ya banda kuna magofu mawili yasiyo na mapanga, yamefunikwa turubai, ambayo kwenye karatasi za wizara bado yanahesabiwa kuwa mazima. Kijana alilipinga hilo la turubai. Baadaye akaja kuniambia ndilo lililompa sura ya nne.

Amenipa ruhusa niwasomee mwanzo wake mpya, nami nitaishia hapo nipishe maswali. Ni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kamanda ameingia bandani, ana askari 120 wa kupeleka mlimani kabla waasi hawajahama. Anamuuliza mkuu wa mafundi: ngapi?

"Sita, mkuu."

"Vitabu vyangu vinasema kumi na mbili, ukiacha za rais."

"Vitabu vyako haviendi mlimani. Sita. Na kule juu kila moja itabeba kumi na wanne, nikijitahidi."

Kamanda anapiga hesabu kwa vidole. Themanini na wanne. Waliobaki wangoje safari ya pili, yaani saa nne, saa tano asubuhi. Anageuka kutazama mlangoni. Nje hakuna wingu, na jua limekwisha kugusa ncha za mapanga.